Kunakili Kazi ya Mwengine Chuoni

Wazazi wanatuuliza: kijana akichukua maandishi ya mtu kwenye intaneti akayatia katika utafiti wake wa chuo kama yake, ana kosa gani, na hali hakuiba kitu cha mkononi?

Tunasema: amekusanya makosa mawili. Amedhulumu haki, kwani Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Kuwait mwaka 1988, lilipitisha kuwa haki ya mtunzi inalindwa kisharia. Na ameghushi, Suratu Aal-'Imraan, aya ya 188, inawaonya wapendao kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Imam as-Suyuutwiy aliandika risala nzima kumtenganisha mtunzi na mwizi.

Chuo nacho kinaweza kumfelisha, kumfukuza, hata kumvua shahada aliyokwisha kuipata.

Dawa yake watoto wetu wameisoma madrasa: isnadi. Hadithi hatuitaji bila ya kusema nani kaipokea. Na utafiti ni hivyo hivyo: chukua, lakini mtaje mwenyewe. Kubadilisha maneno mawili matatu hakutoshi.

Mzazi naye asimlipe mtu amwandikie mwanawe; huko ni kusaidiana katika dhambi. Ambaye hajaikabidhi kazi yake, aiandike upya. Aliyekwishaikabidhi, atubie.

Wallaahu a'lam.