Ulemavu Uliofichwa na Shati

Mkulima wa Busiu, kando ya barabara ya Tororo kwenda Mbale, akikatwa mguu hakuna atakayebisha kwamba ana ulemavu. Jirani yake aliyeondolewa sehemu ya utumbo mpana, akatobolewa tundu tumboni ili kinyesi kipitie hapo, akivaa shati huonekana mzima. Kumbe akibeba mkungu wa ndizi utumbo unaweza kutokeza. Mifuko ya kukingia kinyesi ni ghali na adimu, kwa hiyo wapo wanaofunga vitambaa, na mwenye kitambaa hakai sokoni wala kanisani. Mtu huyu naye ana ulemavu, na upimaji wetu unapaswa kumwona.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Uganda ya mwaka 2020 inaanza vizuri. Inautambua ulemavu kwa kizuizi kikubwa katika shughuli za kila siku, kinachotokana na kasoro ya mwili, akili au hisi pamoja na vikwazo vya mazingira. Kwa maelezo hayo jirani yule mwenye tundu tumboni yumo. Lakini jedwali la aina za ulemavu linataja viungo, kusikia, kuona, akili, ualbino na ufupi wa kimo, tumbo halimo. Hata yule anayehesabiwa huhesabiwa nusu. Hospitali ya CURE mjini Mbale inajulikana kwa kutibu watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Mtoto wa mgongo wazi huandikwa mlemavu kwa sababu ya miguu, ilhali mishipa ileile ya fahamu iliyoharibika huongoza pia haja kubwa. Asipoweza kuizuia, shule humshinda hata akipewa kiti cha magurudumu. Na huko Jinja, kwenye Ziwa Victoria, mayai ya kichocho cha tumbo yakikaa miaka mingi kwenye ini huziba njia ya damu; tumbo hujaa maji, mishipa ya umio huvimba, na mgonjwa anaweza kutapika damu. Mvuvi wa namna hiyo havuti tena nyavu.

Wapo wanaosema maumivu ya tumbo hayapimiki, na kwamba kila mwenye vidonda vya tumbo atakuja kudai. Hofu hiyo ina msingi, lakini ina jibu. Marekani, katika kuamua mafao ya ulemavu, huangalia mambo yanayohesabika: uzito ukilinganishwa na urefu (BMI) ukiwa chini ya 17.5 katika vipimo viwili, kwa tofauti ya siku 60 au zaidi ndani ya miezi 12. Au kutokwa damu tumboni hadi kuongezewa damu mara tatu katika muda huohuo. Vidonda vinavyopona kwa dawa havifiki hapo. Mizani na kipimo cha urefu havihitaji hospitali kubwa; kinachohitajika ni kumbukumbu za miezi mingi, kwa sababu maradhi ya tumbo hupanda na kushuka, na anayepimwa siku moja anaweza kupimwa siku yake njema.

Wengine husema fedha hazitoshi hata kwa walioandikwa. Ni kweli, ila mengi yanayohitajika ni choo cha karibu shuleni, kazi nyepesi, ruhusa ya kutoka darasani bila kuulizwa. Wabunge waliongeze tumbo kwenye jedwali, na waganga wa Busiu waanze sasa kuandika uzito wa wagonjwa hawa kila wanapokuja.