Njaa ya Labrador Iko Kwenye Jeni

Mbwa wa aina ya Labrador akishamaliza chakula chake, hukutazama kana kwamba hajala tangu jana. Katika boma la Tabaka, hapa Kenya, si ajabu mgeni amhurumie na kumtupia ugali uliobaki. Huruma hiyo humponza.

Mababu wa mbwa hawa walifanya kazi na wavuvi wa Newfoundland, huko Kanada. Katika karne ya 19 walipelekwa Uingereza, wakafunzwa kuokota ndege waliopigwa risasi, na mwaka 1903 klabu ya mbwa ya nchi hiyo ikawatambua rasmi. Mwili wao bado ni wa kazi hiyo: manyoya mazito yanayozuia maji, mkia mnene wa kuongozea wakiogelea, na mdomo mpole unaobeba bata bila kumjeruhi. Lakini hapa kwetu, Labrador ni mbwa wa familia hasa.

Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waligundua kwamba takriban robo ya Labrador wana kasoro katika jeni iitwayo POMC, ambayo husaidia ubongo kudhibiti njaa. Mwaka 2024 walieleza zaidi. Mbwa waliokwisha kula waliwekewa soseji ndani ya kisanduku cha plastiki kinachopitisha harufu. Wenye kasoro hiyo walihangaika zaidi kuifikia. Tena, wakiwa wamepumzika, miili yao ilitumia nishati pungufu kwa takriban robo. Njaa inazidi, matumizi yanapungua. Unene huja kwa urahisi, na unene huumiza viungo, hasa nyonga.

Basi mpimie chakula, na umfanyishe mazoezi kila siku. Mpapase ubavuni: mbavu zikihisika bila kubonyeza, hajanenepa kupita kiasi. Mabaki ya sukuma wiki iliyokaangwa kwa vitunguu usimpe, maana vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Upole wake nao una hatari yake. Watoto humkumbatia na hata kumtia mikono mdomoni, ilhali kichaa cha mbwa huambukizwa kwa mate, na visa 99 kati ya 100 vya binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, kifo ni karibu hakika. Mbwa mpole asiyechanjwa akiumwa na mbwa wa kurandaranda, anaweza kuuleta ugonjwa huo ndani ya nyumba.

Mtoto akiumwa na mbwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akapewe chanjo. Usisubiri dalili.

Kabla ya kununua Labrador, jiulize kama utaweza kumpimia chakula na kumchanja kila mwaka. Kama huwezi, usimnunue.