Doa Ndani ya Gambuti

Mchimba dhahabu wa Osiri, kule Nyatike, hushinda ndani ya gambuti. Akiona doa jeusi au la zambarau unyayoni, hakosi sababu ya kulipuuza: jiwe lilimgonga, ama ni fangasi tu. Haliumi wala haliwashi. Namsihi aliangalie tena, hasa mguu ukianza kuvimba, kwa kuwa huenda ni saratani ya Kaposi.

Moritz Kaposi aliueleza ugonjwa huu mjini Vienna mwaka 1872. Kisababishi kilibainika mwaka 1994, Yuan Chang na Patrick Moore walipogundua kirusi cha jamii ya hapisi. Huenea zaidi kwa mate, na kwetu wengi hukipata utotoni na kuishi nacho bila madhara. Kinga ya mwili ikishuka, kama inavyoshushwa na VVU, ndipo kinapopata nafasi. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta VVU kwa asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay. Kenya nzima ilikuwa 4.9. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu sana sisi wa kando ya ziwa.

Ili tuone kirusi hiki kinavyolileta doa, tuingie ndani ya mshipa wa damu. Ukuta wake wa ndani ni tabaka moja la seli, na kila seli hutokeza protini ziitwazo kadherini, ambazo hushikana na za jirani yake. Zinafanya kazi ya magogo yanayoegemeza kuta za shimo la mgodi: ukiyang'oa, shimo haliporomoki siku hiyo hiyo, kwanza maji huanza kupenya. Kadherini pia huipa seli habari kwamba imebanana na wenzake, ipunguze kugawanyika.

Kuna pia integrini, zinazoishikilia seli kwenye utando inaokalia. Kirusi cha Kaposi ni kijanja: hushika integrini hizo hizo ndipo kiingie. Kikishaingia, hutengeneza protini yake, K5, ambayo huitia alama kadherini ya mshipa ili seli yenyewe iivunjevunje. Majimaji na chembe nyekundu za damu huvujia kwenye ngozi. Ile rangi ya doa ni damu hiyo, na majimaji huchangia kuvimba mguu. Seli zilizoachana hurefuka, hupenya katikati ya ngozi na kuunda vimishipa vibovu vinavyozidi kuvuja. Anayedhani amerogwa hajui kwamba mguu wake una maelezo kamili namna hii.

Doa jeusi laweza pia kuwa melanoma, saratani nyingine ya ngozi, ambayo kwa watu weusi mara nyingi huanzia unyayoni au chini ya ukucha. Nayo huelekea kuacha kadherini ya E inayoifunga na seli za tabaka la juu na kuchukua ya N, inayoiwezesha kushikamana na seli za ndani zaidi. Jicho pekee halitoshi kuitenganisha na Kaposi. Lazima kipande kidogo cha ngozi kipimwe maabara.

Kwa mwenye VVU, Kaposi iliyowahiwa yaweza kunywea kwa ARV peke yake. Iliyosambaa huhitaji pia kemotherapi. Majaribio yaliyohusisha Kenya na Uganda, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kuwa dawa ya paklitakseli inashinda mseto wa bleomisini na vinkristini.

Basi vua gambuti, angalia nyayo, kucha na kaakaa. Ukikuta doa usilolielewa, nenda hospitali uombe kipimo cha VVU na cha ngozi kabla mguu haujajaa.