Tafuta Fundi wa Kukuambia Zii

Leo tunabonga saspensheni. Wacha kuangalia kando, najua ndai yako inalia. Sisi wote tunaisikia ikikam toka stage.

Kanairo saa hii iko na madhehebu mbili. Kuna wasee wa chini. Hao ni Subaru, Mark X na Golf, ndai imelalia lami mpaka jirongo haipiti katikati ya tairi na fenda. Halafu kuna wasee wa juu. Jimny, Prado, Hilux, na ile Forester imeinuliwa ni kaa inaenda Turkana lakini safari yake huishia parking ya mall. Safari Rally iliporudi WRC 2021 pale Vasha, madhehebu zote mbili zilipata mahali pa kuhiji. Zinachekana mwaka mzima, but shida yao ni moja: zinataka kitu haiuzwi dukani. Arm ya kuundwa, braketi ya kuundwa, maunti ya kuundwa. Na kuunda kunataka fundi. Hapo ndio wasee wanaoshwa.

Tumalize na mzae kwanza ndio atuachie nafasi. Mzae atakuambia gari ni ya kukutoa Umoja ikufikishe tao, basi. Atakuambia 504 yake haikuguswa na mtu toka enzi za Moi. Tumeskia, buda. Peugeot 504 ilishinda Safari 1975 na ikarudia 1978, heshima zako. Lakini hizo zilishinda zilikuwa zimeshikwashikwa na mafundi hadi mwisho. Ya kwako ndio haikuguswa. Na ndio maana haikushinda kitu.

Sasa aibu. Namba moja ni kukata springi. Unamjua huyo msee. Alienda kwa fundi na doh ya lunch, grinder ikalia, mizunguko mbili ikaenda, picha ikapanda Insta jioni hiyo hiyo. Kesho yake kila bump anaimeza na mgongo. Hesabu yake si ngumu: springi ikipoteza mizunguko, inakuwa ngumu zaidi. Na ju imekuwa fupi, tairi ikining'inia kwa shimo springi inabaki loose kwa kiti yake. Inaweza hata kuhepa. Wewe uko Thika Road, springi yako iko Allsops.

Namba mbili ni kuchoma springi na gesi mpaka iwe nyekundu, ati ishuke pole pole. Maze. Hiyo chuma ilipikwa na kupozwa kwa hesabu kiwandani ndio ikibanwa irudi. Ukiichoma ovyo, nguvu imeenda. Ndai inashuka leo, wiki ijayo inashuka tena, na hukuiambia ishuke.

Wasee wa juu, msicheke. Nyinyi ndio watu wa spesa. Spesa moja ya kiasi juu ya shoki haina noma, Demio inapita bumps bila kukwaruza tumbo, life inasonga. Shida ni yule wa kuweka spesa juu ya spesa kaa chapo za Sato. Drive shaft inaanza kufanya kazi kwa pembe haikuundiwa, CV inalia kila kona, paipu ya breki inavutika hadi mwisho, na alaimenti inaenda ocha bila kuaga. Lakini luku ni fresh, si ndio? Fresh mpaka ufike roundabout.

So huyo fundi anapatikana wapi?

Grogan, pale Kirinyaga Road, kila mtu anaweza kila kitu, na side mirror yako ya mwaka jana iko huko inakungoja. Huko enda ya bushi, ya boljointi, ya kubargain mpaka ukauke koo. Indaa ndio kuna mashine za ukweli: leth, presi, wasee wa TIG. Kariobangi Light Industries kuna mikono inakunja chuma toka kitambo, na bei zao hazijawahi kuskia kuhusu Kilimani. Halafu kuna zile garage za reception, kiti ya ngozi na kahawa ya bure. Hiyo kahawa si ya bure. Iko kwa invoice, imeandikwa "labour".

Lakini nikuchanue, mtu wangu. Usitafute garage. Tafuta ndai, halafu uulize nani aliiunda.

Wa juu, enda Rhino Charge. Iko toka 1989. Magari zinapewa masaa 10 kupitia vituo 13, na bingwa ni yule ametumia kilomita chache zaidi. Kwa hivyo hakuna mtu wa kufuata barabara. Wanakata mawe, wanakata luga, wanakata kichaka. Doh inaenda kwa Rhino Ark, wale wa fensi ya Aberdare, na ukweli unaenda kwa wewe, ju arm ya uongo haifiki lunch. Usishangae sana na gari imeshinda. Cheki zile zimerudi zikijiendesha zenyewe, ukiuliza kwa heshima wakuache uchungulie chini. Wa chini, nyinyi enda autocross. Pale ndai inakunja kona mpaka bushi inaungama.

Ukishapata jina, enda base yake. Usiende na doh yote. Enda na macho.

Kwanza weld. Omba kuona weld mbichi, yenye haijapakwa rangi. Akikuonyesha tu zile zimesagwa na grinder zikapigwa black, kuna stori imefichwa hapo. Weld safi iko na mawimbi yamejipanga, haina vishimo, na haijakula chuma pembeni. Welding ya gate ni kazi ya heshima, lakini gate haipigi 120 Southern Bypass.

Pili chuma. Muulize, "Hii ni paipu gani?" Akijibu "hii ni nzito boss," hepa. Paipu ya maji iliundiwa maji. Msee anajua kazi anataka paipu haina mshono, na atakuambia unene wake kwa milimita bila kukuna kichwa. Cheki pia kichwa ya bolti. Ikiwa imeandikwa 8.8 ama 10.9, mnaelewana. Kichwa haina namba? Irudi kwa kitanda ilitoka.

Tatu jig, ile fremu ya kushikilia kipande kikichomwa. Chuma ikipata moto hujikunja, na haikuombi ruhusa. Bila jig, arm ya left na ya right zitakuwa cousins badala ya mapacha, na ndai itavuta upande moja mpaka Nakuru. Uliza jig iko wapi. Akikuonyesha goti lake, shukuru kwa muda wake uende.

Nne maswali. Yake, si yako. Fundi mnoma atakuuliza tairi ni saizi gani, unabebanga watu wangapi, unaenda wapi na hiyo kitu, nani huendesha. Atapima kabla ya kushika tool. Yule hajauliza kitu na tayari ashaingia chini ya gari, huyo haundi. Huyo anauza.

Tano ndio mwisho wa mambo: zii. Mwambie akuchomelee kipande kwa boljointi, ama aongeze urefu wa kitu ya sterini na welding. Mwangalie uso. Akisema "hiyo ni easy, lete," toka mbio na usisahau funguo. Akisema "zii, hiyo siwezi, utaua mtu," umefika. Kila fundi mtaani anaweza kuchukua doh yako. Wa kuikataa ni wachache, na ndio unatafuta.

Doh, sasa. Kit ya kuagiza majuu inakaa expensive mpaka ukumbuke imepimwa kwa gari kaa yako. Kazi ya kuundiwa inakaa cheap mpaka uongeze bushi mpya, bolti mpya, alaimenti, na alaimenti ya pili springi zikishakaa. Hiyo ya pili wasee wengi huruka, halafu wanalia tairi zimeisha upande wa ndani. Lipa material kwanza, kazi baadaye. Tuma na M-Pesa ndio kuwe na ushahidi. Andikeni mahali nini kinaundwa na ni lini, ju kila fundi wa Nairobi atakuambia gari itakuwa ready saa kumi. Saa kumi ya siku gani, hiyo ni imani.

Na uwaambie watu wa bima. Najua, boring, mzae ndio huongea hivyo. Lakini usipowaambia umebadilisha ndai, siku ya kuclaim watajua kila bolti kukuliko. NTSA nao kwa inspection hawaangalii Insta yako. Wanaangalia chini.

Siku ya kuchukua ndai, usiwashe ngoma kwanza. Hakikisha bolti za bushi zilikazwa gari ikiwa imesimama kwa tairi zake, si ikining'inia kwa jeki. Zikikazwa hewani, bushi inabaki imejipinda na itapasuka mapema. Geuza sterini mwisho hadi mwisho, uone kaa tairi inagusa kitu. Zunguka block na fundi akiwa ndani. Akikataa kupanda kitu ameunda mwenyewe, hapo umeshajibiwa.

So kabla utoe deposit, mwambie akuonyeshe ndai moja aliyounda mwaka jana, yenye bado inakula shimo kila siku. Ingia chini na torch ya simu. Ukitoka hapo chini na bado unamtaka, lipa. Na saa kumi ikifika, usimpigie.