DNA yafichua nyama ni ya mnyama gani

MNUNUZI anayefika katika Soko la Burma, kando ya barabara ya Jogoo jijini Nairobi, huonyeshwa paja lililoning'inizwa na kuambiwa ni la ng'ombe. Nyama ikishakatwakatwa, si rahisi kwa jicho kuitofautisha na ya punda au pundamilia. Ushahidi umo katika DNA, lakini ili isomwe ni sharti nyuzi zake mbili, zilizosokotana mithili ya kamba, zitenganishwe.

Ng'ombe akiwa hai, seli zake huifanya kazi hiyo kila zinapojiandaa kugawanyika. Kimeng'enya kiitwacho helikesi, chenye umbo la pete ya sehemu sita, huuzunguka uzi mmoja na kusonga mbele kikiusukuma wa pili kando. Nishati yake hutokana na chakula alichokula mnyama. Vimeng'enya vingine, polimeresi, hufuata nyuma vikipanga herufi mpya.

Aliyewahi kufumua kamba ya katani kwa pupa anaijua shida inayozuka: kule mbele msokoto huzidi kukaza. Hapo huingia topoisomeresi, kimeng'enya ambacho hukata uzi, huulegeza, kisha huuunga tena. Bila hicho, helikesi ingekwama.

Kwa wanyama, kasi ya kunakili ni takriban herufi 50 kwa sekunde, nayo DNA ya ng'ombe ina herufi zipatazo bilioni 2.7. Ndiyo maana kazi huanzia maelfu ya mahali kwa pamoja.

Nyama iliyo buchani haina tena uwezo huo. Katika maabara, joto la nyuzi 95 hivi ndilo huchukua nafasi ya helikesi. Polimeresi inayotumika asili yake ni bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, hivyo haiharibiwi upesi na joto hilo. Kila mzunguko huongeza nakala maradufu. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja chaweza kuzaa zaidi ya nakala bilioni moja.

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini (KWS) lilifungua maabara ya aina hiyo jijini Nairobi mwaka 2015, ili matokeo yatumike mahakamani. Ushahidi huo humnasa mwindaji haramu, na pia humwokoa mwenye bucha anayeshukiwa bure. Hata nyama iliyopikwa yaweza kupimwa: moto huikatakata DNA, lakini vipande vifupi vinavyosalia mara nyingi hutosha kumtambulisha mnyama.