Mbegu ya Wimbi ni Mali ya Nani?

Mama mmoja wa Borabu alifika ofisini kwetu na swali. "Bwana Karani, nikimgawia jirani mbegu ya wimbi niliyoachiwa na mama mkwe, nitafungwa?" Wakulima wengi wana swali hilo, basi tulijibu hapa.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, iliyorekebishwa mwaka 2012, iliweka kifungo cha hadi miaka miwili, au faini ya hadi shilingi 1,000,000, au vyote viwili, kwa mtu auzaye au abadilishanaye mbegu zisizothibitishwa. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani. Tarehe 27 Novemba 2025 Mahakama Kuu, Machakos, iliamua kwamba kumwadhibu mkulima kwa kuweka na kugawana mbegu za kienyeji ni kinyume cha Katiba. Katiba ya 2010, Kifungu cha 11, yaagiza mbegu hizo zilindwe na sheria.

Lakini sikieni vizuri. Si kila mbegu ni ya kila mtu. Mtaalamu akizalisha aina mpya, iliyo tofauti na nyingine, inayofanana shamba zima na isiyobadilika, aweza kupewa haki yake na Kephis. Mwingine haruhusiwi kuizalisha na kuiuza bila idhini. Hiyo ni haki, maana kazi yake huchukua miaka mingi, nasi twahitaji mimea ivumiliayo ukame na magonjwa.

Siku hizi mvua haiaminiki. Mkulima mwenye busara hategemei mbegu ya namna moja. Basi fanyeni hivi:

1. Wimbi, chinsaga na managu: chagueni mimea yenye afya kabla ya kuvuna, kausheni mbegu vizuri, ziwekeni mahali pakavu, mkiandika jina na mwaka.

2. Mahindi chotara kama H614: msipande punje za mavuno yenu, kwa maana mazao yatapungua. Nunueni mbegu kila msimu.

3. Pakiti ya dukani iwe na lebo ya Kephis. Ikwangueni, mhakikishe namba yake kwa simu kabla ya kulipa.

Mama yule alirudi nyumbani, akampimia jirani yake kibaba kimoja. Mwaka ambao wimbi lake litaharibika, atajua mlango wa kubisha.