Kuonja Divai Nyekundu ya Mchanganyiko



Huko Stellenbosch, Afrika Kusini, zipo familia zenye mashamba madogo ya mizabibu zinazotengeneza divai zenyewe. Tulipoonja divai nyekundu ya familia moja tulijifunza haya.

Divai ya mchanganyiko hutokana na zabibu za aina mbili au zaidi. Cabernet Sauvignon huleta nguvu na ukakasi, Merlot huulainisha. Pinotage, iliyozalishwa hukohuko Stellenbosch mwaka 1925 na Profesa Abraham Perold, huongeza ladha ya matunda. Kwa kawaida kila aina huchachushwa peke yake, kisha huchanganywa kwa kipimo.

Namna ya kuonja ni hii. Kwanza, tazama rangi mbele ya kitu cheupe. Pili, zungusha bilauri polepole, unuse. Tatu, piga funda dogo, lizungushe kinywani, kisha uteme. Ukakasi usipoifunika ladha ya tunda, mchanganyiko umelingana.

Lakini tusiisahau mikono iliyochuma. Kwa miaka mingi vibarua wa mashamba hayo walilipwa sehemu ya ujira kwa divai duni, desturi iliyoitwa "dop". Sheria iliikataza, lakini iliendelea hadi miaka ya 1990, ikaacha ulevi na watoto walioathirika tangu tumboni. Mwaka 2012 wafanyakazi wa mashamba waligoma. Mwaka 2013 kima cha chini kikapanda kutoka randi 69 hadi 105 kwa siku.

Basi mtu akikusifia divai, muulize: aliyechuma alilipwa nini? Ujira ni fedha, si pombe.